Bastola ya Shemeji

Jumanne, tarehe 3 Juni

Kwako Shemeji Dakika,

Nina miaka sabini na tisa. Wenyeviti watatu wa Chama wamezikwa nikiwa hai, na wote watatu walipokuwa wazima walinishauri nikapumzike. Daktari aliyenikataza sigara ametangulia, mimi bado navuta. Uwanja wetu wa kwanza umekufa, leo wanaegesha malori, mimi nipo. Hata redio niliyonunua siku ya harusi yako na dada yangu imenyamaza, na mwenyewe bado nasema.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Sikumtuma mtu. Ukiona mistari imepinda ujue ni meza, siyo mimi.

Salamu kwa dada, mwambie goti limetulia. Wewe salamu zako nazishikilia kwanza mpaka unijibu.

Jana alipita hapa Breki, yule dereva wa basi la shule ya mlimani, basi lenye televisheni ndani. Akanipa kijitabu cha mashindano ya mwaka huu. Nikakifungua. Ukurasa wa kwanza mwenyekiti mpya. Sawa, mtoto wa watu, ana shingo ya kuvalia tai. Ukurasa wa pili, nani? Wewe! Umevaa koti. Umeweka mkono kidevuni kama mtu anayefikiria jambo. Na chini wameandika kwamba Chama cha Michezo cha Shule Binafsi, katika kuadhimisha miaka hamsini, kimemteua mtunza saa wake mkuu wa siku nyingi kuwa mpiga bastola ya kuanzishia mbio katika fainali zote.

Shemeji. Bastola?

Wewe na mimi tulikuwemo kwenye ile sebule yenye kochi moja, walimu wakuu wamekaa sakafuni, siku shule zetu zilipokataliwa kuchanganyika na za serikali na tukasema basi tutakimbia wenyewe. Palepale tuligawana kazi. Wewe uliomba saa kwa sababu una roho ya kuhesabu. Mimi nikapewa bastola kwa sababu nina sauti na siogopi mlio. Tangu siku hiyo kila mtoto wa shule binafsi aliyekimbia katika nchi hii amekimbia mimi nilipomruhusu. Wengine leo ni mawaziri. Wengine ni marubani. Waliinama mbele yangu wakasubiri.

Na picha yangu nimeitafuta humo kijitabuni. Iko ukurasa wa mwisho, karibu na tangazo la sare. Ni mkono. Mkono ulionyooka juu, kile kitambaa changu chekundu kimefunika kuanzia kiganjani mpaka begani, bastola, na moshi. Kichwa wamekikata. Miaka hamsini mimi ni mkono, wewe una koti!

Mimi wamenipa kiti hemani na chupa ya maji. Wanasema bastola ya sasa ni ya umeme, inataka mtu wa kozi. Wewe kozi umesoma lini?

Nakuomba kama shemeji, kataa. Waandikie leo, waambie mgongo unauma. Hakuna atakayekudharau kwa mgongo.

Mimi shemeji yako,
Bunduki


Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwako Shemeji Bunduki,

Barua yako imefika, na meza yako inaonekana inaumwa sana. Sisi hatujambo. Dada yako anasema goti lako halijatulia, maana mtu ambaye goti lake limetulia haandiki kwa hasira namna hiyo.

Kwanza, mimi sikuomba. Waliniita, nikaenda, wakaniambia, nikasema sawa. Mtu mzima akipewa heshima na watoto aliowalea haanzi kuuliza maswali.

Pili, kozi sijasoma. Kijana wa nyaya atasimama nyuma yangu. Hii bastola mpya haina risasi wala baruti, ukiibonyeza inapeleka habari kwa waya mpaka kwenye saa kubwa kule mwisho, na spika iliyo chini inatoa mlio. Saa inajianzisha yenyewe. Hata hivyo Chama kimesema wale watunza saa wenzangu watatu wakae palepale na saa zao za kubonyeza, kwa tahadhari, mitambo ikigoma. Nimewaachia kazi hiyo. Nimechoka kukaa kwenye ile ngazi.

Tatu, usijifanye hujui kwa nini umepewa kiti. Mwaka jana ulirudisha mbio za wavulana kwa sababu mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alikohoa jukwaani. Alikohoa, Shemeji! Ukaenda mpaka pale juu na bastola mkononi ukamuuliza kama amemaliza. Watu walidhani unamteka.

Na kuhusu mgongo, wangu haujambo. Nashangaa wewe. Kwani bastola ni mke, akiguswa na mwingine ugomvi? Miaka yote hiyo nimekaa kule mwisho wa uwanja na saa mkononi, nakutazama wewe tu. Si wakimbiaji, wewe. Mlio unachelewa kufika, moshi hauchelewi, ndiyo maana watunza saa tunafundishwa tubonyeze tukiona moshi. Nimekutazama kuliko mkeo marehemu alivyokutazama. Mchana mmoja ukinitazama wewe utapungukiwa nini?

Kama una moyo, nielekeze jinsi unavyojua wakati wa kupiga. Ukisema "tayari", unahesabu mpaka ngapi?

Wako,
Dakika


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Dakika,

Sikuelekezi.

Unaniuliza nahesabu mpaka ngapi. Swali la mtu wa saa hilo. Yaani umenitazama miaka yote hiyo na hukuona hata kwamba sihesabu? Basi endelea kutazama.

Yule mwalimu mkuu alikohoa kusudi. Mwanawe alikuwa njia ya pili, na alikuwa amechelewa kuinama. Hilo hulijui kwa sababu ulikuwa kule mwisho unangoja moshi.

Na hiyo habari ya mke iache. Ningekuwa mtu wa maneno ningekukumbusha ni nani alikupitishia barua ulipokuwa unamtaka dada yangu, unajificha nyuma ya kioski na soda imekuchemkia mkononi. Haikuwa lazima nikupe dada, na bado nilikupa. Kochi la sebule ulichukua wewe. Pensheni unayo. Koti unalo. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho ulikuwa huna, na hicho nacho umekitia mfukoni halafu unaniambia uliitwa.

Siji kwenye mashindano. Hicho kiti wampe yeyote, na maji anywe.

Bunduki


Jumapili, tarehe 15 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Naandika shemeji yako akiwa amelala kidogo baada ya chakula. Nikimsikia anaamka nitaacha, kwa hiyo usione ajabu barua ikikatika.

Barua zako zote huwa namsomea mimi. Ya Alhamisi nimemsomea, ila pale pa kochi nimeparuka, maana kochi lile lilikuwa la kwetu kabla hamjafanya hata huo mkutano wenu. Wazee wazima mnaoneana wivu kama mapacha waliopewa nguo za rangi tofauti.

Sasa nikuambie kwa nini namsomea. Macho yake yanakwisha, kaka. Hospitali wamesema hakuna cha kurudisha. Mtu aliyekaa naye mezani anamwona kama yuko nyuma ya pazia la bafuni. Wa mbali hamwoni kabisa, isipokuwa rangi kali, nyekundu au njano, hizo bado zinamfikia. Kwenye mashindano ya mwaka jana alikuwa anabonyeza saa akiona mkono wako mwekundu umeshtuka, moshi wenyewe alikuwa hauoni tena. Akaogopa kwamba siku moja atampa mtoto wa watu muda usio wake. Ndiyo maana ameacha saa. Wenzake amewaambia amechoka kupanda ngazi.

Chama kilipotaka kumuaga kikamuuliza angependa nini kabla hajapumzika. Alikwambia hakuomba. Kaka, aliomba! Walimwahidi saa ya ukutani akasema yeye anataka bastola. Nilikuwepo. Njiani nikamuuliza, "Bastola ya kaka yangu, kwa nini?" Akanijibu, "Mama, watu wote uwanjani wanamtazama yeye. Mimi hata anayenishikia mwavuli anamtazama yeye. Nataka mchana mmoja."

Sasa hivi asubuhi yote yuko uani na brashi ya nguo mkononi anaiinua juu anasema "tayari", kuku wanatawanyika. Jirani ameniuliza kama mzee ni mzima.

Usimwambie kama nimekuambia. Akijua unamwonea huruma atakufa kwa hasira kabla ya macho kumaliza kazi yao. Mgombeze kama kawaida, lakini mwelekeze.

Anaita. Kwaheri.

Dadako


Jumatano, tarehe 18 Juni

Dakika,

Nimefikiri. Usidhani nimebadilika. Nimefikiri tu kwamba ukiharibu, watu watasema kazi ya bastola ni rahisi kuharibika, na hiyo ni kazi yangu, jina langu ndilo limo humo. Kwa hiyo nakuelekeza kwa faida yangu mwenyewe. Mwambie asomaye, yaani ukisoma, usome polepole, sirudii.

Usihesabu. Mtu anayehesabu, watoto wanamsoma. Ukihesabu mara tatu, mara ya nne wanajua na wanakutangulia.

Sema "kwenye mistari" kwa sauti ya kawaida kama unamwita mtu aje kula. Watajipanga, watajikuna, mmoja atafunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa. Mwache. Subiri. Halafu "tayari". Hapo wanainua viuno, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu kwa sababu wanatazama. Wanatazama viuno, wanatazama vichwa, macho yanaruka huku na huku kama yanatafuta chenji. Mimi siku nyingi naangalia chini. Nasikiliza viatu. Mtoto ambaye hajatulia, meno ya kiatu chake yanakwaruza, kidogo sana, kama panya kwenye gunia. Njia moja ikikwaruza, ngoja. Mbili zikikwaruza, wasimamishe wapumue upya. Zote zikinyamaza, hapo kuna kitu kinatokea, sijui nikiiteje, uwanja unakuwa kama chumba kimefungwa mlango. Piga hapohapo. Usijiulize. Ukijiuliza umechelewa.

Kwa hiyo hata mtu akifumba macho anaweza. Nasema mfano tu. Sina maana yoyote.

Na mkono unyooke. Katika ile picha yako umekunja kiwiko kama mtu anayeuza sambusa dirishani. Nyoosha.

Kile kitambaa chekundu hukipati. Hicho ni changu, na kozi yako haikitaki.

Labda nitakuja, labda sitakuja. Nikija nakuja kwa ajili ya kiti.

Bunduki


Jumatatu, tarehe 30 Juni

Kwako Bunduki,

Nimemwomba jirani aniandikie hii kwa sababu dada yako amekataa. Anasema nisubiri hasira ipoe. Haitapoa.

Nilipiga fainali moja tu, ya wasichana mita mia. Nilifanya kama ulivyonielekeza. Nikasikiliza, nikanyoosha mkono, nikapiga. Nikasikia wanaondoka wote pamoja kama shuka linalokung'utwa. Shemeji, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu watoto wangu wazaliwe. Nikasema kumbe huyu mtu kila mwaka anarudi nyumbani na kitu hiki na hasemi.

Halafu kelele. Kijana wa nyaya anasema saa kubwa haikuwaka. Kocha wa shule ya mlimani anapiga kelele kwamba kuanza kulikuwa kubaya, mzee haoni, mbio zirudiwe. Nikasimama palepale na bastola yangu nikingoja mtu aje aniulize mimi niliyepiga. Hakuja mtu. Nikasikia katibu anasema, "Twende kwa Mzee Bunduki."

Nikageuka upande wa hema. Nikaona wekundu. Sikuona uso, sikuona mtu, niliona mkono mwekundu unatoka hemani unakwenda kwenye meza ya waamuzi. Ulikuwa umekuja nacho mfukoni! Mtu anayekuja kukaa kwenye kiti anabeba kile kitambaa cha nini? Ulikuwa unangoja nianguke. Nikaelewa yote. Nikaiweka bastola juu ya stuli, nikamwambia mtoto mmoja wa shule anitoe mpaka getini, nikapanda gari nikarudi.

Gari halijafika mbali nikasikia kwenye spika za uwanja fainali inayofuata inaanzishwa. Sauti ile ya "tayari" naijua kuliko ninavyoijua yangu. Basi umepata ulichotaka.

Ndiyo, niliiomba bastola. Nilikudanganya. Nilikuonea wivu miaka yote na sasa nakuonea zaidi. Lakini mimi niliomba mbele ya watu. Wewe umeichukua nikiwa nimeipa mgongo.

Dada yako bado ni dada yako, njoo umwone siku ambayo sipo.

Dakika


Jumamosi, tarehe 5 Julai

Shemeji Dakika,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Halafu nikakaa nikaisoma tena. Mwambie huyo jirani mwandiko wake mzuri ila aache kunitukana kwa wino wa kijani.

Habari za macho yako nazijua. Usimgombeze dada. Mimi ndiye niliyembana. Sikukuonea huruma, ondoa shaka, sina huruma na mtu mwenye koti lile.

Sasa sikiliza yaliyotokea kuanzia pale ulipoondoka kama mtoto aliyenyimwa mpira.

Nilikuja. Nilikuja mapema kabla hata ya mabasi, na kitambaa kilikuwa mfukoni kweli, na nilikuja nione ukiaibika. Nimeandika na sifuti. Nilikuwa nimekaa hemani kati ya wazazi wawili wanaokula karanga, nimekunja mikono, najiambia sasa tutaona.

Ukasema "kwenye mistari" na sauti yako ilikuwa ndogo, nikafurahi. Ukasema "tayari". Moyoni nikapiga. Nimezoea, siwezi kujizuia, mwili wangu unapiga wenyewe. Wewe hukupiga. Nikasema amechelewa, huyo, amekwisha! Uwanja mzima ukanyamaza, hata wale wa karanga wakaacha kutafuna, na bado hukupiga. Halafu ukapiga, na wale watoto wanane waliondoka kama mtu mmoja. Shemeji, sijawahi kuona. Nilihisi kitu kimeingia hapa kwenye kifua kama mfupa wa samaki.

Akashinda yule msichana wa shule ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unaijua ile shule. Haina uwanja, haina hata ua. Wanafanya mazoezi kwenye korido na mwenye duka anawagombeza kwamba vumbi linamwangukia kwenye saruji. Amewashinda wale wa mlimani wenye basi la televisheni, kwa kifua kizima.

Basi hapo ndipo kichekesho. Kijana wa nyaya mwenyewe ndiye aliyekanyaga waya wake, saa kubwa haikuanza. Watu wakageukia wale wenzako watatu kwenye ngazi. Wanaulizwa, "Muda gani?" Wamekaa, saa mikononi, zote tatu zinasoma sifuri, bado wanatazama kule mwanzo. Wanangoja moshi! Wasichana wameshafika, wameshavaa majaketi, wazee wako bado wanangoja moshi. Katibu akawauliza, "Hamkusikia mlio?" Yule mfupi akamjibu, "Tulisikia, mama. Tulidhani ni spika." Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Ndiyo hivyo muda haukuwepo, na kocha wa mlimani akapata mlango. Akasema kwa kuwa hakuna muda na mpiga bastola haoni, hakuna anayejua kama mwanzo ulikuwa halali, basi zirudiwe. Waamuzi wakasema atafutwe mtu anayejua mwanzo. Katibu akaja hemani. Maneno yake nakupa kama yalivyo: "Mzee Bunduki, tunakutegemea. Ukisema mwanzo ulikuwa mbaya mbio zinarudiwa, na utazianzisha wewe."

Umesikia? Na utazianzisha wewe. Alinyoosha mkono aniinue kwenye kiti kama vile nimeshakubali.

Kitambaa nilikivaa kwa sababu siendi kwenye meza ya waamuzi bila kitambaa. Wewe unaweza kwenda kazini bila suruali? Sikujua kwamba hicho ndicho kitu pekee utakachokiona. Hapo una haki ya kukasirika. Hapo tu.

Nikafika mezani. Kocha wa mlimani akanipisha kiti chake. Akanishika bega. Akaniita baba. Yule mama wa miwani anayeongoza waamuzi akaniuliza, "Mzee, mwanzo ulikuwaje?"

 Akadhani sijasikia, akauliza tena kwa sauti ya kumuuliza kiziwi. Nilikuwa nasikia sana. Nilikuwa naiona bastola. Nilikuwa nawaona wale watoto wanainama mbele yangu tena na mimi nimesimama, siyo mkono tu, mtu mzima na kichwa chake. Neno moja tu. Na nani angenipinga? Wewe ulikuwa huoni na saa zilikuwa sifuri.

Nikasema, "Mwanzo ulikuwa mzuri."

Mama akasema, "Mzuri kiasi gani? Tunaandika."

Nikasema, "Andika mzuri kuliko wa mwaka jana."

Akasema, "Mwaka jana alianzisha nani?"

Nikasema, "Wewe andika tu, mama."

Kocha akaondoa mkono begani mwangu. Msichana akabaki na ushindi wake. Nikageuka nikuone, nilitaka kukuambia usijidai, ni mimi niliyekufundisha. Stuli ilikuwepo na bastola juu yake. Wewe ulikuwa huko getini unapanda gari.

Fainali zilizobaki zikawa zinangoja. Wakaniomba. Hapa sikudanganyi, sikukataa, sikujifanya. Niliichukua kwa mikono miwili. Nikaanzisha zote mpaka za kupokezana vijiti, mkono umenyooka, sauti ile ile, hakuna aliyetangulia hata mmoja, na watu walipiga makofi. Na kila nikipiga nasikia ile yako. Nimerudishiwa kitu changu chote, Shemeji, na mchana kutwa nikawa namwonea wivu mtu ambaye alikuwa amekwenda nyumbani.

Mwisho wa yote nikaenda kwa yule msichana. Nilitaka anisifu kidogo, nimemwokolea medali. Nikamuuliza, "Mjukuu, ulionaje mwanzo wa leo?" Akasema, "Babu, mguu wangu wa nyuma ulikuwa unatetemeka haunyamazi. Nikajua nimekwisha, hawa huwa wanapiga tu. Lakini yule mzee alinisubiri."

Alinisubiri. Mimi wananiogopa. Kila mwaka wananiogopa, na mimi nilidhani ndiyo sifa yenyewe. Hakuna mtoto aliyewahi kusema nilimsubiri, ingawa nilikufundisha mimi.

Sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo limenichelewesha kujibu. Chama kimeniuliza mwakani nani apige. Mwenyekiti mwenye tai alikuja mwenyewe, akakaa hapa kwenye kitanda maana kiti nilikuwa nimekaa mimi. Alitegemea nitasema mimi. Nikamwambia, "Dakika." Akasema, "Mzee, macho yake." Nikamwambia macho ya nini, na nikamwambia nitasimama pembeni yake nimtajie njia ambayo mkimbiaji wake hajatulia. Nikitaja vibaya unirushie stuli. Akasema atafikiri. Nikamwambia afikiri haraka, nina miaka sabini na tisa.

Kama huniamini, muulize katibu, aliyenitoa hemani na kusikia kila neno. Muulize mama wa miwani, aliyeandika. Muulize kijana wa nyaya, aliyeshika kichwa kwa aibu akiwa pembeni yangu. Dada usimuulize, hakuwepo, na atakuambia mimi ni mwongo kwa mazoea tu. Na hao wote wakikuambia na bado ukawa na shaka, mtafute kocha wa mlimani. Tangu siku ile hajanisalimia. Ukimuuliza Bunduki alisema nini pale mezani atakuambia neno kwa neno huku anasaga meno, na huyo ndiye shahidi wangu mkubwa, kwa sababu hana sababu yoyote ya kunipendelea.

Shemeji yako,
Bunduki